Kuzaa kwa Kujua

Mwaka 1997 kikundi kidogo cha wakunga kilichojulikana kwa jina la Albany kilifanya mkataba na hospitali ya King's College ili kiwahudumie wajawazito wa Peckham, mtaa wa kusini mwa London wenye Waafrika na Wakaribi wengi, na wenye kipato cha chini kwa vipimo vya jiji hilo. Kila mjamzito alikuwa na wakunga wawili anaowajua kwa jina na kwa sura. Hao ndio waliompima tangu mwanzo, ndio waliomzalisha, na ndio waliomtembelea na mtoto wake baadaye. Ilipofika wiki ya 36 mkunga alimfuata nyumbani kwake, wakakaa kitako pamoja na mume, mama, dada au yeyote atakayekuwapo siku ya uchungu, wakazungumza leba inavyoanza, inavyokwenda, na mambo yanayoweza kwenda mrama. Hakuna aliyelazimishwa kukata shauri mapema azalie nyumbani au hospitali. Jambo hilo liliachwa hadi uchungu uanze, mkunga akiwa kando yake. Watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka 12 na nusu ya huduma hiyo walichapisha matokeo yao mwaka 2017. Walikuta wanawake 2,568, asilimia 57 wakiwa Weusi, Waasia au wa jamii nyingine za wachache, na kiasi cha theluthi moja wakiwa hawana mwenza. Asilimia 43.5 walizaa nyumbani, katika nchi ambayo wanaozaa nyumbani ni kama 2 tu katika kila 100. Waliozaa kwa upasuaji walikuwa asilimia 16. Leo katika Uingereza upasuaji umevuka asilimia 40.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Huo haukuwa utafiti wa kugawa wanawake katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba mpango wa Albany ndio uliosababisha matokeo hayo. Tena mkataba ulivunjwa Desemba 2009, hospitali ikieleza kwamba ina wasiwasi juu ya usalama wa watoto. Wakunga na akina mama wengi waliupinga uamuzi huo, na ubishi ukabaki. Lakini kuna jambo ambalo Peckham inalionyesha wazi, nalo ndilo ninalotaka kulitetea hapa. Wanawake wale hawakuwa matajiri, hawakuwa na nafasi ya kuhudhuria madarasa ya bei kubwa, wala hawakuchaguliwa kwa kuwa na mimba zisizo na matatizo. Walichopewa ni mtu anayewajua na muda wa kuuliza. Kuzaa kwa njia ya kawaida, yaani uchungu kuanza wenyewe na kuendelea bila kuharakishwa kwa dawa wala kumalizwa kwa kisu, hutokea mara nyingi zaidi pale mwanamke anapojua kinachomjia na anapokuwa na mtu wa kumsindikiza. Hayo mawili ndiyo ya kuandaliwa. Anayejiandaa kwa ushujaa peke yake, akidhani mwili utafanya kazi yote mradi tu asiogope, anajiandaa nusu.

Fikra kwamba hofu ndiyo adui mkuu ina historia ndefu London. Mwaka 1853 daktari John Snow alimpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akimzaa mwanawe Leopold, na tangu hapo kupunguza uchungu kwa dawa kukawa jambo la heshima kwa waliojiweza. Miaka 80 baadaye, mwaka 1933, daktari Grantly Dick-Read, ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi Whitechapel miongoni mwa maskini wa mashariki ya jiji, alichapisha kitabu akidai kwamba hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazana ndiyo inayozidisha maumivu. Mwaka 1956 wafuasi wake walianzisha chama cha kuzaa kwa njia ya asili, ambacho baadaye kikawa shirika la National Childbirth Trust linalofundisha wazazi hadi leo. Alichosema kuhusu hofu kina ukweli ndani yake. Ubaya ni kwamba alisadiki pia kuwa wanawake wa Afrika, kwa kuwa hawajaharibiwa na ustaarabu, huzaa kwa wepesi na kwa maumivu machache, na katika miaka ya 1950 alizunguka sehemu za bara letu akitafuta uthibitisho. Kila aliyewahi kukaa nje ya chumba cha kuzalia, Mombasa au Mwanza, anajua kwamba hilo si kweli. Hata hivyo wazo kwamba Mwafrika ana mwili mgumu na moyo wa kuvumilia halikufa na Dick-Read. Mwaka 2022 Five X More, shirika lililoanzishwa London na wanawake wawili Weusi, lilikusanya maelezo ya wanawake Weusi zaidi ya 1,300 waliozaa Uingereza, na miongoni mwa malalamiko yaliyojirudia ni kwamba walisema wana maumivu na hawakusadikiwa. Nasi wenyewe tunaichochea dhana hiyo kila tunapomsifu mwanamke kwa kuzaa kimya bila kulia. Mwanamke anayeomba dawa ya maumivu hajapungukiwa na kitu.

Sasa tutazame yale ambayo utafiti umeyapima, kwa sababu si kila ushauri anaopewa mjamzito una uzito sawa. Ushahidi ulio imara kuliko mwingine unahusu jambo ambalo bibi zetu walilitenda bila kusoma popote, yaani kutomwacha mzazi peke yake. Mwaka 2017 mapitio ya tafiti 26 kutoka nchi 17, zilizowahusu wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba wanawake waliokuwa na msindikizaji muda wote wa uchungu walizaa wenyewe mara nyingi zaidi, walifanyiwa upasuaji mara chache zaidi, leba yao ilikuwa fupi, na wachache zaidi walibaki na kumbukumbu mbaya ya siku hiyo. Msindikizaji huyo anaweza kuwa mume, mama mzazi, somo wake, rafiki aliyewahi kuzaa, au dula, yaani mwanamke aliyefunzwa kazi hiyo ya kukaa na mzazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka haki ya kuwa na msindikizaji katika miongozo yake. Miongozo hiyohiyo iliwaonya wahudumu wasiharakishe leba kwa sababu tu njia haifunguki sentimita 1 kila saa, kwani wanawake wengi wenye afya njema hufunguka polepole kuliko hivyo, hasa kabla ya kufikia sentimita 5. Hapo msindikizaji aliyeelimishwa ana kazi ya kweli: dripu ya kuongeza uchungu inapoletwa, yeye ndiye mwenye utulivu wa kuuliza kama kuna dalili mbaya kwa mama au mtoto, au ni saa tu zimekwenda.

Kutembea, kusimama na kupiga magoti badala ya kulala chali kunafupisha hatua ya kwanza ya uchungu kwa zaidi ya saa 1 kwa wastani. Kukaa ndani ya maji ya vuguvugu kunapunguza idadi ya wanaohitaji sindano ya ganzi ya mgongoni. Kuikanda kwa mafuta sehemu ya chini ya uke kuanzia kama wiki ya 35 kunapunguza kuchanika na kuongezwa njia, hasa kwa mimba ya kwanza. Hayo hayagharimu pesa na mwanamke anaweza kuyaanza mwenyewe. Kuhusu ganzi ya mgongoni, ambayo katika mazungumzo yetu hutajwa kwa woga, mapitio ya tafiti 40 yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakukuta kwamba inaongeza upasuaji. Inarefusha leba kiasi, na zamani, ilipotolewa kwa dozi kubwa, iliongeza kuzalishwa kwa koleo. Katika tafiti za miaka ya karibuni, dozi zikiwa ndogo, ongezeko hilo halikuonekana. Kwa hiyo asiyeitaka aikatae kwa sababu zake, kwa mfano anataka kutembea au kuzalia majini, wala si kwa kutishwa na kisu.

Mahali pa kuzalia ni uamuzi mwingine unaohitaji hesabu, na hapa wanawake wa London wana bahati ya kuwa na takwimu nzuri. Utafiti mkubwa wa Birthplace uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wa Uingereza wenye mimba zisizo na hatari ya pekee. Kwa wale waliokwisha kuzaa, kupanga kuzalia nyumbani hakukuongeza madhara kwa mtoto ukilinganisha na wodi ya madaktari, na upasuaji ulipungua sana. Kwa mimba ya kwanza picha ilikuwa tofauti. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa 9.3 katika kila 1,000 miongoni mwa waliopanga kuzalia nyumbani, na 5.3 katika kila 1,000 wodini. Vituo vinavyoendeshwa na wakunga, vilivyo ndani ya hospitali au vinavyojitegemea kama Barkantine kilichofunguliwa Isle of Dogs mwaka 2008, havikuonyesha tofauti hiyo hata kwa mimba ya kwanza. Kuna namba nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa: katika kila wanawake 100 wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, 45 walihamishiwa hospitali, kabla au mara baada ya kujifungua. Mwanamke anayeijua namba hiyo hatashangaa gari la wagonjwa likija. Atakuwa amekwisha kupanga ni nani atabaki na watoto na mkoba uko wapi. Mwenye kisukari, presha ya mimba, mapacha au mtoto aliyekaa vibaya hayumo katika hesabu hizi, naye anastahili kuelezwa hesabu zake mwenyewe.

Kustahili huko si hisani ya daktari, ni sheria. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya London iliamua kwamba mwanamke aliyepasuliwa azae katika hospitali ya St George's bila ridhaa yake, baada ya kuzuiliwa kwa kisingizio cha sheria ya magonjwa ya akili, alitendewa kinyume cha sheria, ingawa mimba yake ilikuwa na hatari ya kweli. Mwanamke mwenye akili timamu anaweza kukataa matibabu hata kama uamuzi wake unaonekana kwa wengine kuwa wa makosa. Kisha, Machi 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya Nadine Montgomery wa Uskoti. Alikuwa mfupi wa kimo na ana kisukari, na katika hali yake uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari hakumwambia, akihofia kwamba angeomba upasuaji. Mabega yalikwama, na mtoto akabaki na ulemavu wa maisha. Majaji walisema daktari anapaswa kumweleza mgonjwa hatari yoyote ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona kuwa muhimu, pamoja na njia nyingine zilizopo. Inafaa kuona kwamba kesi hizi mbili zinakwenda pande mbili: mmoja alilazimishwa upasuaji asioutaka, mwingine alinyimwa habari ambazo zingemfanya auchague. Sheria inalinda uamuzi uliofikiriwa, bila kujali unaelekea wapi.

Hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia, na halipaswi kukwepwa. Uingereza imezika watoto kwa sababu ya kupenda mno kuzaa kwa njia ya kawaida. Ripoti ya mwaka 2015 kuhusu hospitali za Morecambe Bay ilieleza wakunga walioshikilia uzazi wa kawaida kwa gharama yoyote. Ripoti ya Donna Ockenden ya mwaka 2022 kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford ilichunguza malalamiko ya familia 1,486, ikaona kwamba watoto 201 pengine wangekuwa hai kama huduma ingekuwa bora, na ikakosoa mahali ambapo idadi ndogo ya upasuaji ilihesabiwa kuwa sifa. Mwaka huohuo hospitali ziliagizwa ziache kujipima kwa asilimia ya upasuaji. Je, baada ya hayo bado kuna haki ya kumhimiza mwanamke ajiandae kuzaa kwa njia ya kawaida? Naona ipo, kwa sharti moja. Ukizisoma ripoti hizo, malalamiko yanayorudi ni ya akina mama waliosema kitu hakiko sawa wakapuuzwa, walioomba upasuaji wakakataliwa, na ambao hawakuelezwa hatari. Kosa lilikuwa kuufanya uzazi wa kawaida kuwa shabaha ya taasisi badala ya kuwa chaguo la mama. Maandalizi yasiyomfundisha mwanamke dalili za hatari, kama mtoto kupunguza kucheza, kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, maji ya uzazi kuwa ya kijani, ni maandalizi mabovu.

Wapo wengine, wengi wao wazee wanaoheshimiwa, wanaosema kwamba mazungumzo yote haya hayana haja kwa kuwa bibi zetu walizaa nyumbani kwa mkunga wa jadi na watoto wakakua. Wale waliokufa hawapo kusimulia. Utafiti wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104, na katika miaka hiyo waliozalia vituo vya afya waliongezeka hadi kufikia asilimia 81. Tunachopaswa kukichukua kwa bibi ni kuwapo kwake, mikono yake mgongoni, maneno yake, dua zake, na siku arobaini za kumtunza mzazi. Uzalishaji wenyewe ni wa mkunga aliyesajiliwa, na London sheria iko wazi: mwanamke hatendi kosa akizaa bila mhudumu, lakini asiyesajiliwa hawezi kuichukua kazi ya mkunga isipokuwa kwa dharura.

Pingamizi la tatu linaniuma zaidi, kwa kuwa lina ukweli mwingi: kwamba kuchagua ni jambo la wenye Kiingereza na wenye muda, na kwamba Mkongo wa Tottenham anayefanya usafi usiku, au Mbarawa anayemtegemea mwanawe wa shule amtafsirie, haki hizo kwake ni karatasi. Ripoti za taifa kuhusu vifo vya uzazi zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wanawake Weusi wa Uingereza hufariki zaidi kuliko Weupe. Kwa miaka ya 2020 hadi 2022 ilikuwa karibu mara 3, na miaka ya nyuma iliwahi kufikia karibu mara 5. Vifo ni vichache kwa hesabu, na sababu zake nyingi, kama damu kuganda na maradhi ya moyo, hazitokani na namna ya kuzaa. Lakini mtu asiyesikilizwa ndiye anayechelewa kugunduliwa. Kwa hiyo jibu si kuwaambia wanawake hawa wanyamaze wamtii daktari. Wao ndio wanaohitaji maandalizi kuliko wengine. Wajue kwamba wanaweza kujiandikisha kwa mkunga moja kwa moja bila kupitia kwa daktari wa mtaa, na kwamba ni vizuri kumwona kabla ya wiki 10. Wajue kwamba mkalimani hutolewa bila malipo, na miongozo ya nchi inasema asiwe mtu wa familia, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema mbele ya mume au mtoto. Asiye na hati za ukaazi anaweza kudaiwa ada baadaye, lakini huduma ya uzazi haiwezi kuzuiwa wala kucheleweshwa kwa sababu hajalipa. Aliyekeketwa na kushonwa aseme mapema, maana anaweza kufunguliwa kwa utulivu kabla ya uchungu, mara nyingi karibu na wiki ya 20. Na asiombe kushonwa tena baada ya kuzaa, kwani kufanya hivyo ni kosa la jinai.

Mpango wa Albany haukuenea, na Septemba 2022 mamlaka ya afya iliondoa hata tarehe za mwisho ilizoziwekea hospitali ili kila mama apate mkunga mmoja wa kudumu, kwa uhaba wa wakunga. Basi wengi watazaa mikononi mwa mtu wanayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ndiyo maana karatasi ya mpango wa kuzaa ina kazi: kurasa mbili hazisomwi wodini, lakini mistari kumi husomwa. Iandikwe nani atakuwapo, lugha gani, dawa gani za maumivu na kwa utaratibu gani, nini kifanyike iwapo upasuaji utahitajika, na kama baba angependa kumwadhinia mtoto au mama angependa kuhudumiwa na wanawake pekee pale inapowezekana. Linapopendekezwa jambo jipya, maswali ya kuuliza ni machache: faida yake nini, hatari yake nini, kuna njia gani nyingine, na itakuwaje tukisubiri saa moja? Kukiwa na dharura ya kweli, mhudumu atajibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo itatosha.

Aliyejiandaa vizuri na bado akaishia chumba cha upasuaji hajashindwa, na ana jambo la kufuatilia. Ana haki ya kupewa nakala ya kumbukumbu zake za uzazi bila malipo, na hospitali nyingi humpangia mkunga wa kukaa naye kuzipitia mstari kwa mstari. Ajue kwa nini walimpasua, na kama sababu hiyo inaweza kujirudia. Kwa Uingereza, wanawake waliopasuliwa mara moja na kisha wakapanga kuzaa kwa njia ya kawaida hufanikiwa kiasi cha 72 hadi 75 katika kila 100, na uwezekano wa kovu la mfuko wa uzazi kuachia ni kama 1 katika 200. Aombe aandikiwe hesabu hizo pamoja na hali yake mwenyewe, kabla hajabeba mimba nyingine.